Msimu Usiofunguliwa

Katika miji mingi ambako watu wana chama chao cha michezo ya kuigiza, kuna jioni moja kila mwaka inayowatia wanachama joto kuliko hata usiku wa kufungua mchezo wenyewe. Ni jioni ya kupanga msimu. Wajumbe hukaa kuizunguka meza, kalenda ya mwaka ujao ikiwa mbele yao, na kila mmoja ana mchezo wake moyoni. Huyu ataka mchezo wa kuchekesha, kwa kuwa ndio ujazao viti. Yule ataka mchezo wa nyimbo na ngoma, japokuwa wapiga muziki na mavazi humeza fedha. Na mweka hazina, ambaye aghalabu hana maneno mengi, huuliza swali moja tu: nani atalipa? Mwisho wa mabishano hutoka karatasi yenye majina ya michezo minne au mitano pamoja na tarehe zake, ikabandikwa ukutani. Aitazamaye huona burudani. Walakini karatasi ile hueleza jambo jingine pia, yaani nani mwenye jumba, na nani mgeni ndani yake.

Mjini Nairobi jambo hilo lilionekana wazi mwaka 1976. Jumba la Kenya National Theatre, lililo mkabala wa hoteli ya Norfolk, lilifunguliwa mwaka 1952, na hata baada ya Uhuru kalenda yake iliendelea kujaa michezo ya kutoka ng'ambo. Mwaka huo Kenya ilikuwa imechagua michezo miwili ya kupeleka Lagos katika sherehe kuu za sanaa za watu weusi, FESTAC, zilizofanywa mwanzo wa mwaka 1977. Mmoja ulikuwa The Trial of Dedan Kimathi, wa Bwana Ngugi wa Thiong'o na Bibi Micere Mugo. Wa pili ulikuwa Betrayal in the City, wa Bwana Francis Imbuga. Wenye kuitayarisha walitaka wananchi waione kwanza nyumbani mwezi wa Oktoba, mwezi ambao wakati huo ulikuwa na Sikukuu ya Kenyatta. Wakajibiwa kuwa siku zimekwisha kuchukuliwa. Baada ya kuvutana sana wakapewa nafasi nyembamba, siku nne kwa kila mchezo, katikati ya wacheza dansi waliotoka Ufaransa na mchezo wa nyimbo wa Kimarekani unaosimulia vituko vya watumwa wa Roma ya kale.

Hakuna ubaya kucheka na Warumi. Lakini mchezo wa Kimathi ulipochezwa, waigizaji walishuka na wimbo wao wa mwisho wakapita katikati ya viti, na watazamaji wakainuka kuwafuata, ngoma ikatoka nje ya milango. Kisha siku nne zikaisha, nalo jumba likarudia kalenda yake.

Mwaka uo huo, Limuru, mwendo wa kilomita 30 hivi kutoka Nairobi, mama mmoja wa kijiji cha Kamiriithu alikwenda asubuhi na mapema nyumbani kwa Bwana Ngugi. Hakuzunguka maneno. Alisema kijiji kimesikia kwamba ana elimu nyingi na kwamba huandika vitabu. Basi kwa nini yeye na wenzake wasiwagawie wanakijiji sehemu ndogo ya elimu hiyo, na sehemu ndogo ya wakati wao? Kulikuwa na kituo cha vijana kilichokuwa kikibomoka, naye alitaka kiinuliwe. Mwalimu wa Chuo Kikuu hakukubali mara moja, kwa hiyo mama akarudi, akarudi tena, mpaka akamshinda.

Msomaji ambaye hajafika Limuru yafaa ajue watu hao walikuwa nani. Kamiriithu ni kijiji kilichozaliwa katika taabu, kwani wakati wa Hali ya Hatari, katika miaka ya 1950, watu waliondolewa penye nyumba zao wakakusanywa mahali pamoja chini ya ulinzi. Uhuru ulipokuja mwaka 1963 wengi walibaki pale pale bila ardhi ya kutosha. Wakawa vibarua wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu, wachuuzi, na watu wasio na kazi yoyote. Hao ndio waliokaa sasa kupanga msimu wa michezo.

Walianza na kusoma na kuandika. Bwana Ngugi wa Mirii ndiye aliyeongoza masomo ya watu wazima, na baada ya hayo ndipo likaja jambo la mchezo. Yeye na Bwana Ngugi wa Thiong'o wakaombwa waandike, na kwa lugha ya kijiji, Kikuyu, maana hapakuwa na sababu ya kuwachezea watu wa Kamiriithu kwa lugha ambayo wengi wao hawakuijua. Hata Bwana Ngugi mwenyewe, mwenye jina kubwa duniani kwa vitabu vyake vya Kiingereza, alikuwa hajaandika mchezo kwa lugha ya mama yake. Katika miezi ya kwanza ya mwaka 1977 ukapatikana mwanzo wa mchezo ulioitwa Ngaahika Ndeenda, maana yake Nitaolewa Nikipenda.

Ulikuwa mwanzo tu, kwa sababu wanakijiji hawakuupokea kama wapokeavyo barua ya serikali. Wazee walimsimamisha mwandishi na kumwambia kwamba mzee hasemi hivyo, kwamba neno lile ni la kijana, na je, Kikuyu hicho amejifunzia wapi? Wafanyakazi walileta hesabu za mishahara yao, wakaonyesha mtu hulipwa kiasi gani kwa siku na kazi yake humpatia tajiri kiasi gani, wakataka hesabu hizo zisemwe jukwaani wazi. Ilipofika sehemu ya gitiiro, nyimbo za arusi za majibizano, ilidhihirika kwamba waandishi hawakujua vizuri mpangilio wake. Aliyeujua alikuwa mama mmoja asiyejua kusoma. Yeye akawa mwalimu, na wenye digrii wakakaa chini kumsikiliza.

Mazoezi yalifanywa wazi, Jumamosi na Jumapili alasiri, ili yasiwanyime watu riziki. Bwana Kimani Gecau ndiye aliyeuongoza mchezo. Katika majumba ya mijini milango hufungwa wakati wa mazoezi, na wanaokuja usiku wa kwanza huja kushangazwa. Kamiriithu, kila apitaye aliweza kusimama na kutazama; akasema huyu anafaa sehemu ile, yule sauti yake haifiki, na pengine akaonyesha mwenyewe jinsi mlevi anavyotembea. Ilipofika siku ya kufungua, wengi wa watazamaji waliyajua maneno ya mchezo kwa moyo. Na wangapi kati ya wajumbe wa vyama vyetu vya michezo wangekubali mambo hayo? Wangesema tiketi hazitauzwa.

Zaidi ya hayo, hawakuwa na jumba. Baadhi ya wanakijiji walichukua njiti za kiberiti wakaunda mfano wa ukumbi wautakao, kisha watu wakaujenga kwa mikono yao juu ya uwanja wa kituo. Jukwaa liliinuliwa kwa umbo la nusu duara, nyuma yake ukuta wa mianzi, na nyuma ya ukuta nyumba ndogo ya kubadilishia nguo na kuwekea vyombo. Viti vilikuwa mbao ndefu zilizopangwa kama ngazi ili wa nyuma amwone mwigizaji juu ya kichwa cha wa mbele. Paa halikuwapo. Watu zaidi ya 2,000 waliweza kukaa.

Mchezo wenyewe unamhusu Kiguunda, kibarua mwenye shamba la ekari moja na nusu ambaye ametundika hati ya shamba lake ukutani. Anakuja tajiri wake, Kioi, pamoja na mkewe, wakimhimiza Kiguunda na mkewe Wangeci wafunge arusi kanisani, kana kwamba miaka yote waliyoishi pamoja haikuwa ndoa. Kwa kudhani kwamba mtoto wa tajiri atamwoa binti yao Gathoni, wazee wanaweka hati ya shamba rehani ili wapate fedha za arusi. Gathoni anapata mimba na kukataliwa. Deni linabaki, shamba linakwenda, naye anayelinunua ni Kioi. Mambo haya hayakuwa hadithi ya mbali kwa mtu wa Limuru. Pengine alimjua Kiguunda kwa jina jingine, na Kioi pia.

Ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977. Watu walikodi mabasi na teksi kutoka mbali kuja kuutazama. Tarehe 16 Novemba, baada ya majuma sita tu, D.C. wa Kiambu akaiondoa ruhusa ya kukusanyika pale, akitaja usalama wa watu. Tarehe 31 Desemba Bwana Ngugi wa Thiong'o akakamatwa usiku, akawekwa kizuizini Kamiti bila kushtakiwa mbele ya hakimu, hata Desemba 1978. Huko aliandika kitabu chake Caitaani Mutharaba-ini juu ya karatasi za chooni. Aliyekuwa mwalimu wa Chuo Kikuu hakurudishiwa kazi yake.

Mtu angetazamia kijiji kinyamaze. La, kijiji kilipanga msimu mwingine! Mara hii walitaka mchezo wa nyimbo, Maitu Njugira, yaani Mama Niimbie, wenye habari za miaka ya 1930, wakati mwanaume Mwafrika alipotembea na kipande chake na kulipa kodi kwa jasho la shamba la mtu mwingine. Waliuweka katika nyimbo na ngoma kuliko maneno, na nyimbo hizo hawakuzitoa katika Kikuyu peke yake bali katika lugha kadha wa kadha za Kenya, ili mtu wa kutoka upande mwingine wa nchi naye asikie kwao. Mwishoni mwa mwaka 1981 mazoezi yalianza. Kisha wakafanya jambo la ujasiri. Waliliomba lile jumba la Nairobi, Kenya National Theatre, siku ya kufungua ikawekwa 19 Februari 1982. Safari hii walitaka kuingia katika kalenda kwa njia iliyo halali kabisa, na leseni wakaiomba kama sheria ilivyotaka. Sheria yenyewe ya leseni za michezo ya jukwaani ilikuwa urithi wa ukoloni; bendera ilibadilishwa, yenyewe ikabaki.

Leseni haikutolewa. Siku ilipofika, watu wa Kamiriithu walikuta milango imefungwa na polisi wamewekwa. Hakuna aliyewaambia kwamba mchezo ni mbaya, wala kwamba ni mzuri. Walinyimwa mlango tu. Wakarudi Chuo Kikuu, katika ukumbi walimokuwa wakijizoeza, wakaendelea kujizoeza. Mazoezi si maonyesho, na mazoezi hayakuhitaji leseni. Habari zikaenea mjini, watu wakaja kutazama mazoezi, wakajaza viti, wakakaa kwenye ngazi. Bwana Ngugi ameandika kwamba katika siku hizo chache walikuja watu kati ya 12,000 na 15,000. Ndipo ukumbi huo nao ukafungwa.

Tarehe 11 Machi 1982 serikali ilikipiga marufuku kituo cha Kamiriithu pamoja na michezo yote ya kuigiza katika eneo lile. Kesho yake, Ijumaa, malori matatu ya polisi wenye silaha yalifika kijijini, na ule ukumbi uliojengwa kwa mfano wa njiti za kiberiti ukabomolewa wote, jukwaa na mianzi na ngazi za viti. Mwaka uo huo Bwana Ngugi wa Mirii na Bwana Kimani Gecau walikimbilia Zimbabwe, ambako waliendelea na kazi ya michezo vijijini; Bwana Ngugi wa Mirii alifia huko kwa ajali ya gari mwaka 2008. Bwana Ngugi wa Thiong'o alikuwa ng'ambo, naye hakurudi nyumbani hata mwaka 2004. Alifariki Marekani tarehe 28 Mei 2025.

Wako wanaosema kwamba mchezo wa kuigiza ni mchezo tu, na kwamba makelele haya yote yalikuwa juu ya jambo dogo. Hao hawajaeleza kwa nini jambo dogo lilihitaji malori matatu.

Mwezi wa Mei 2022 karatasi ya Kenya National Theatre ilikuwa na jina la Ngaahika Ndeenda. Mchezo ulitayarishwa na Nairobi Performing Arts Studio chini ya uongozi wa Bwana Stuart Nash, ukachezwa kwa Kiingereza siku nyingine na kwa Kikuyu siku nyingine. Tiketi ziliuzwa, na hakuna polisi aliyeuzuia mlango. Mtoto aliyezaliwa siku ile ya kwanza Kamiriithu alikuwa na umri wa miaka 44. Watazamaji walikaa chini ya paa, katika jumba lile lile lililofungwa tarehe 19 Februari 1982, wakamtazama Kiguunda akiangalia hati yake ya ekari moja na nusu ukutani.