Kisumu: Mgeni Ndani ya Mgeni

Ukifika Kisumu usikimbilie samaki peke yake. Teremka hadi ufuoni, mahali ambapo kwa miaka mingi vijana wameosha magari huku maji ya Ziwa Victoria yakiwafika magotini. Utatamani kuvua viatu nawe uingie, maana jua la huko si mchezo. Usiingie.

Katika magugu ya ukingoni wamo konokono wadogo, na kutoka kwao huogelea viluwiluwi vya minyoo ya kichocho, visivyoonekana kwa macho. Si lazima uyanywe maji hayo. Kiluwiluwi hupenya ngozi kwa dakika chache tu. Hatimaye dume na jike huishi wawili wawili katika mishipa ya damu ya utumbo, jike amelala katika mfereji wa mwili wa dume, miaka nenda miaka rudi. Ndoa ngapi za mjini hudumu hivyo? Mayai yao hutoka na choo. Yanayokwama huharibu ini.

Watafiti wa KEMRI, ambao kituo chao kiko Kisian nje kidogo ya mji, waliwafuatilia waosha magari hao kuanzia miaka ya 1990. Walitibiwa wakapona, wakarudi majini, na wengi wakaambukizwa tena. Nayo dawa inayotegemewa ni moja tu, prazikwanteli. Siku ikishindwa je?

Ndiyo sababu wataalamu wanapekua DNA ya mnyoo huyu. Naye, kumbe, ana wageni wake! Mwaka 2003 walieleza kipande kinachofanana mno na retrovirusi, jamii ya virusi vinavyojipachika katika DNA ya kiumbe. Virusi vya Ukimwi ni vya jamii hiyo, ingawa hiki si Ukimwi. Walikiita Boudicca, jina la malkia wa kale wa Uingereza aliyepigana na Warumi. Walikadiria nakala kati ya 1,000 na 10,000, ambazo mnyoo huwarithisha watoto wake.

Hila hiyo wataalamu nao wameiiga. Wametumia virusi vya panya kupachika jeni ndani ya mnyoo, wakitafuta njia ya kujua ni jeni zipi hawezi kuishi bila hizo.

Basi rudi mezani, samaki wako yu tayari. Kama ulikwisha kuingia majini kabla ya kusoma haya, pitia hospitali ukapimwe choo. Watoto wakililia kuogelea, waulizie hoteli yenye bwawa.