Binamu, Usininunulie kwa Jina Lako

Tangu niweke ile video ya pesa za msimu, swali moja limejaa kwa DM: ninunue ETF gani? Watu wanataka herufi nne tu, wanunue, walale. Herufi nitawapa. Lakini kwangu hilo swali ni la pili. La kwanza ni: karatasi itaandikwa jina la nani?

Kwa wageni wa haya mambo, ETF ni mfuko wenye mali nyingi ndani, mara nyingi hisa za kampuni, na mfuko wenyewe umekatwa vipande vinavyouzwa kwenye soko la hisa. Ni kama fungu la samaki pale sokoni. Kuna tasi, kuna changu, na kuna mmoja hivi huelewi aliingiaje. Hufi njaa kwa sababu ya huyo mmoja.

Binamu yangu yuko Kanada, Edmonton, mwaka wa nne sasa. Kila mshahara ukiingia ananunua XEQT, basi. Mfuko huo mmoja una hisa za Marekani, Kanada, Ulaya na Asia, na ada yake kwa mwaka ni chini ya robo dola kwa kila dola 100. Wengine huko wananunua VEQT, na wakianza kubishana ipi ni ipi utadhani ni Gor na AFC. Mimi nimezisoma zote mbili. Ni ndugu hao, chukua yoyote.

Kinachonitia wivu ni zile akaunti zao. Kuna TFSA, ilianza 2009: unaweka pesa iliyokwisha kukatwa kodi, na faida haikatwi tena hata siku ukiitoa. Halafu RRSP, hii ni ya uzeeni: unapunguziwa kodi leo, unailipa siku ukianza kutoa. Kijana wa mshahara mdogo mara nyingi anaanza na TFSA, kwa sababu kodi anayolipa leo bado ni ndogo.

Sasa, msimu wa kaskazi umeisha nikiwa na elfu 90, pesa za video za boti na vijumba vya wageni kati ya Watamu na Malindi. Binamu akasikia. Akanitumia voice note: “Nitumie hiyo doh, nikununulie ndani ya TFSA yangu, naandika kwa daftari.”

Anamaanisha, najua. Ni mtu aliyenilipia fees bila kuulizwa, na hata nilipoacha chuo mwaka wa pili hakunitupia neno. Lakini TFSA ni ya mtu mmoja, na serikali inampimia nafasi kila mwaka, dola 7,000 mwaka 2025. Pesa yangu ingekula nafasi yake. Na mbele ya sheria ya huko hiyo si pesa yangu hata kidogo, ni yake. Akidaiwa, ni yake. Akifa, Mungu apishe mbali, ni ya warithi wake. Anaoa Disemba, na bibi harusi hajawahi kuliona hilo daftari.

Jamani, sisi watu wa Pwani ndio wa mwisho kuambiwa tuweke mali kwa jina la mwingine. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilileta sheria ya hati za ardhi kwenye ukanda huu wetu. Aliyepeleka madai yake yakakubaliwa alipata hati, na ardhi ambayo haikudaiwa ikawa ya serikali. Wamijikenda wengi waliokuwa wakiilima wakabaki bila karatasi. Mpaka leo Kilifi hii kuna watu wanazika wazee wao kwenye shamba lenye jina la mtu ambaye hawajawahi kumuona. Halafu mimi nipeleke elfu 90 kwa daftari?

Mamangu naye ana mpango wake: ploti nje kidogo ya mji, bei ya kutupa, makubaliano yanaandikwa mbele ya mzee wa mtaa. Nikamuuliza, “Mama, hati iko?” Akasema itakuja. Mama nampenda sana, lakini jibu la hapo ni lile lile la Edmonton.

Basi nimefanya nini.

Elfu 50 imeingia MMF, yaani mfuko wa soko la fedha. Inazaa riba, serikali inakata asilimia 15 ya hiyo riba, na ukiihitaji unaipata ndani ya siku chache. Hiyo ni pesa ya kusi. Kuanzia Aprili bahari ikichafuka boti zinapandishwa, mahoteli yanafunga, na mimi sina wa kumpiga video. Ushauri wa Kanada wa kununua kila mwezi bila kukosa umeandikiwa mtu wa mshahara. Ukiufuata hapa, Juni utauza ule mfuko wako kwa bei yoyote upate kulipa rent.

Elfu 25 nimeweka pensheni ya mtu binafsi. Najua, pensheni kwa kijana wa miaka 22 haina swag. Lakini nina mjomba aliyebeba sinia kwenye hoteli moja hapa Malindi kwa miaka 26. Kila msimu anaitwa, kila mvua anaambiwa apumzike. Alipofika 60 akaenda kuangalia michango yake, akakuta mwajiri alipeleka ya miaka tisa tu. Sasa anauza madafu. Mimi hata huyo mwajiri wa kunidanganya sina, kwa hivyo naanza mwenyewe.

Sheria ya Kenya inakuruhusu kutoa mpaka shilingi 30,000 za pensheni kwa mwezi kwenye mapato yako kabla ya kupigiwa kodi. Ilikuwa 20,000, ikapandishwa mwisho wa 2024. Hiyo ndiyo RRSP yetu, kwa lugha nyepesi. Kama mapato yako hayafiki kodi, hiyo nafuu haikugusi sana, na kuna njia ndogo zaidi: Mbao, iliyoanza 2011 kwa shilingi 20 kwa siku (jina linajieleza), au Haba Haba ya NSSF, shilingi 25. Faida nyingine hakuna anayeisema: hela ya pensheni haitoki kirahisi, kwa hivyo hata kamati ya harusi ya binamu haiwezi kuifikia.

Elfu 15 iliyobaki ndiyo ya ETF. Soko la Nairobi lina NewGold tangu 2017, lakini hiyo ni dhahabu, na kwa miaka mingi ilikuwa siku zinapita bila mtu kununua wala kuuza. Mimi nataka Satrix MSCI World: kampuni zaidi ya elfu moja kutoka nchi 23 tajiri, nyingi zikiwa za Marekani. Safaricom haimo, usiitafute. Nimefungua akaunti ya CDS kupitia dalali mwenye leseni ya CMA, na akaunti hiyo ina jina langu mimi, si la dalali.

Jueni pia dola inaweza kukupiga. Januari 2024 ilikuwa karibu shilingi 160, katikati ya mwaka ikashuka hadi 129 hivi. Aliyenunua ile ya juu alipoteza karibu moja ya tano kwa hesabu ya shilingi kabla hata soko lenyewe halijacheza. Ndiyo maana nimeweka 15 na si 50.

Binamu nimemwambia. Amenuna siku mbili, halafu akaniuliza kama mtu wa diaspora anaweza kufungua CDS. Anaweza.

Mlionunua Satrix tayari, niambieni dalali wenu aliwakata ngapi kununua na ngapi kuuza. Wekeni figa kamili, si “kidogo tu”.