KAMPALA, MJI WA KUELEZANA MILA

Kampala ni mji wa vilima. Zamani Kabaka wa Buganda alikuwa na wanyama wake waliochungwa katika kilima kimojawapo, nao walikuwa swala pala. Waingereza walipokiita kilima hicho kwa jina la mnyama huyo, Waganda nao wakasema "akasozi k'empala", yaani kilima cha swala. Mwezi Desemba mwaka 1890 Kapteni Lugard akajenga boma lake juu yake, na jina la kilima likawa jina la mji. Hivyo hata jina la mji mkuu wa Uganda lilizaliwa katika mazungumzo ya watu wa lugha mbili.

Mgeni apandaye kilima chochote cha mji huu huviona vingine vikimtazama. Namirembe pana kanisa kuu la Kianglikana, Lubaga la Kikatoliki, na Kibuli msikiti mweupe wa Waislamu. Mengo ni makao ya Kabaka, na Kasubi ni makaburi ya wafalme. Kikaaya kuna hekalu la Wabahai lililofunguliwa mwaka 1961. Hakuna kilima kinachoweza kujifanya kiko peke yake. Na chini ya vilima hivyo wanaishi watu wa kutoka kila pembe ya nchi, kwani Katiba ya Uganda, baada ya marekebisho ya mwaka 2005, inataja jamii za wenyeji 65.

Katiba hiyo hiyo ya mwaka 1995, katika kifungu cha 37, yampa kila mtu haki ya kuwa na utamaduni wake na kuudumisha pamoja na wenzake. Lakini haki iliyoandikwa kitabuni haimfundishi mtu namna ya kumweleza jirani yake mila asiyoijua. Kazi hiyo hufanywa uani, penye kamba ya kuanikia nguo na mfereji wa maji.

KAMBINI UKUTA NI MMOJA

Jambo hili lina uzito wa pekee katika kambi za Kampala, zikiwa za polisi kule Nsambya na Naguru, au za jeshi kule Makindye na Mbuya. Mkulima wa Masaka aweza kuishi maisha yake yote akizungukwa na watu wa mila yake. Mke wa askari hana nafasi hiyo. Mumewe apewapo uhamisho, naye hufunga mizigo, na huko aendako jirani wa kulia atatoka Gulu, wa kushoto atatoka Fort Portal, na wa mbele Mbale. Ukuta unaowatenga ni mmoja, na sauti hupenya.

Hapo ndipo mambo madogo yanapogeuka kuwa makubwa. Mama wa Kiganda humwambia mgeni wake kwamba leo hakuna chakula, hali chunguni kuna ugali. Si kwamba amdanganya. Kwao neno "emmere", yaani chakula, maana yake ya kwanza ni matoke yaliyofungwa katika majani ya mgomba na kupikwa kwa mvuke. Jirani wa Kiacholi aliyelelewa kwa ugali wa ulezi na malakwang, mboga chachu iliyotiwa siagi ya karanga au ya simsim, husikia maneno hayo kama dharau juu ya chakula cha kwao. Asipouliza, atanuna. Na atakaponuna, watoto watakatazwa kucheza pamoja, na baada ya mwezi mmoja shauri litafika kwa mkubwa wa kambi likiwa limebadilika sura kabisa.

Chukua pia salamu. Msichana wa Kiganda hupiga magoti amwamkiapo mkubwa, na salamu zao ni ndefu, zenye kuitikiana kwa sauti ya chini mara kadhaa. Askari aliyezaliwa kwingine, ambaye kwao heshima huonyeshwa kwa kupeana mkono imara na kutazamana usoni, aweza kudhani kwamba kupiga magoti ni utumwa. Muganda naye aweza kudhani kwamba yule mwenye mkono imara hakufunzwa adabu na wazazi wake. Wote wawili wanatafuta kitu kimoja, nacho ni heshima. Na yeyote aamkiaye kwa Kiswahili akumbuke kwamba "shikamoo", kama wazee wa pwani waelezavyo, asili yake ni kusema "nashika miguu yako". Basi msema shikamoo hana sababu ya kumcheka apigaye magoti.

MAJINA MBALI, JAMBO MOJA

Mfano ulio bora zaidi wapatikana katika daftari la mahudhurio la shule yoyote iliyo karibu na kambi. Mwalimu asomapo jina la Kizza, Muganda hujua kwamba mtoto huyo alizaliwa baada ya pacha. Asomapo Okello, Muacholi hujua vivyo hivyo. Asomapo Kiiza, Mtooro au Mnyoro naye hutambua. Pacha wenyewe wa kiume kwa Waganda ni Wasswa na Kato, kwa Waacholi ni Opiyo na Ocen, na kwa Watooro ni Isingoma na Kato. Mama yao ataitwa Nnalongo, au Min Rut, au Nyinabarongo. Lugha ni tofauti, tena lugha za Kiacholi na za Kiganda hazina hata ukoo mmoja, lakini katika nyumba zote hizo uzazi wa pacha ni jambo zito lililohitaji jina la mama, la baba, la watoto, na hata la mdogo wao aliyewafuata.

Watoto wengi wa kambini hukaa dawati moja miaka saba bila kujua kwamba Kizza na Okello ni majina ya maana moja. Hawajui kwa sababu hakuna aliyewaambia. Wazazi wao hudhani kwamba mila hujifundisha yenyewe.

Wako pia wanaosema kwamba kueleza mila ni kujigamba, na kwamba kila kabila likianza kusimulia yake, umoja utavunjika. Kampala yenyewe yajibu shaka hiyo. Mwanamume wa Kiganda aendapo katika sherehe ya kwanjula, ambapo mchumba hutambulishwa kwa wazazi, huvaa kanzu. Vazi hilo liliingia Buganda pamoja na wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili, waliofika katika baraza la Kabaka Suuna wa Pili mwaka 1844. Mwanamke huvaa gomesi, yenye mabega yaliyoinuka na mshipi mpana, na jina hilo huhusishwa na fundi cherehani wa Kigoa aliyeishona mwanzoni mwa karne ya 20. Hakuna leo awezaye kusema kwamba kanzu na gomesi si mavazi ya Waganda.

Watu wa Bunyoro na Tooro nao wana empaako, majina ya heshima na mapenzi kama Abwooli, Akiiki, Amooti na Atwoki, ambayo huwatangulia katika salamu. Mwaka 2013 shirika la UNESCO liliiandika desturi hiyo miongoni mwa zile zinazohitaji kulindwa haraka. Wanahistoria wengi huyahusisha majina hayo na ujio wa Waluo kutoka kaskazini. Basi Mtooro amwitapo mwenziwe Akiiki, hutumia hazina ambayo babu zake na babu za Muacholi huenda waliigawana. Mtu anayekijua chanzo cha kilicho chake hapati sababu ya kumdharau jirani, kwa maana kila mara hukuta kwamba jirani alitia mkono.

MOTO WA KASUBI

Na mila isiyoelezwa hupatwa na nini? Jibu liko Kasubi. Pale, ndani ya nyumba kubwa ya nyasi iitwayo Muzibu-Azaala-Mpanga, wamelazwa Makabaka wanne: Mutesa wa Kwanza, Mwanga wa Pili, Daudi Chwa wa Pili na Mutesa wa Pili. Dari yake ilikuwa na pete 52, zikiwakilisha koo za Buganda. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 nyumba hiyo iliteketea kwa moto, na watu wakalia hadharani kama waliofiwa na mzazi.

Kuijenga upya hakukuwa kazi ya fedha tu. Kuezeka kwa nyasi ni jukumu la ukoo wa Ngeye, na kila hatua ina miiko yake. Ilibidi wazee wenye ujuzi wawaonyeshe vijana namna ya kuchagua nyasi, kuzifunga na kuzipanga. Kazi ilichukua miaka mingi, na Septemba 2023 UNESCO ikapaondoa mahali hapo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Kama ujuzi ule ungekuwa umekwenda kaburini pamoja na wazee, hakuna fedha ambayo ingeurudisha.

Kueleza mila, hata hivyo, si kuitetea kila mila. Huko Sebei, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, wasichana walikuwa wakikeketwa. Wageni walipolaani tu, wenyeji waliona kwamba wanatukanwa. Mabadiliko yalipata nguvu pale chama cha wazee wa Kisabiny wenyewe kilipokaa, kikaichambua mila yao na kusema kwamba heshima ya msichana ibaki na kisu kiondoke. Mwaka 1998 chama hicho kilipewa Tuzo ya Umoja wa Mataifa ya Idadi ya Watu, na mwaka 2010 sheria ya kupiga marufuku ukeketaji ikaanza kutumika nchini kote. Ajuaye mila yake ndiye awezaye kuirekebisha bila kuivunja.

LUGHA YA KAMBINI

Imebaki habari ya lugha ya kuelezana. Kambini lugha hiyo ni Kiswahili, na juu ya Kiswahili mji wa Kampala una kumbukumbu mbili.

Kumbukumbu ya kwanza ni njema. Mutesa wa Kwanza alijifunza Kiswahili, na wasomaji wa kwanza wa Biblia katika baraza lake walianza na maandiko ya Kiswahili. Hata leo Muganda asemapo ekitabo, emmeeza, sukaali na ssabbuuni, mtu wa pwani huelewa bila mkalimani.

Kumbukumbu ya pili ni chungu. Kiswahili kilikuwa lugha ya kikosi cha King's African Rifles tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na baadaye cha jeshi na polisi. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa. Katika miaka hiyo, raia wengi wa Kampala walikisikia zaidi katika amri iliyotolewa kizuizini kuliko katika salamu. Mama mzee wa mjini aliyeshtuka kila aliposikia Kiswahili usiku hakuichukia lugha. Alikumbuka tu ni nani aliyekuwa akiisema na alitaka nini.

Tangu mwaka 2005 Katiba inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliazimia kifundishwe kwa lazima shuleni. Hata hivyo, azimio haliondoi hofu. Hofu huondolewa na askari amwambiaye mama huyo "Shikamoo, mama" kabla ya kuuliza habari ya mlinzi wa lango. Huondolewa pia na mke wa koplo aendaye soko la Nakasero au la Owino, akaulizia kwa upole jinsi ya kufunga matoke, kisha akaeleza jinsi malakwang ipikwavyo kwao. Lugha iliyopata sifa mbaya kwa amri itapata sifa njema kwa mazungumzo.

PA KUWAPELEKA WATOTO

Familia yenye siku moja ya mapumziko haina haja ya kwenda mbali. Makumbusho ya Uganda, yaliyoanzishwa mwaka 1908 na yaliyoko kilima cha Kitante tangu 1954, yana ngoma, zeze, marimba na pembe za kila upande wa nchi, na uani mna nyumba za jadi za makabila mbalimbali zilizosimama jirani kwa jirani. Huko Kisaasi, kikundi cha Ndere, kilichoanzishwa mwaka 1984 na Stephen Rwangyezi, hucheza bwola ya Waacholi, bakisimba ya Waganda, runyege ya Watooro na ekitaguriro ya Wanyankole jukwaa moja, na kati ya ngoma na ngoma maelezo hutolewa kwa mzaha usiomuumiza mtu. Watazamaji hucheka wakitaniwa wao, kisha hucheka wakitaniwa wenzao.

Mzazi awaulize watoto wawapo huko: kwetu hiki chaitwaje? Asipojua jibu mwenyewe, ampigie simu babu au nyanya aliye kijijini, kwani elimu hiyo haina kitabu kingine. Kisha amwambie mtoto akamuulize rafiki yake wa mlango wa pili swali hilo hilo, na amsikilize mpaka amalize. Maswali mawili hayo yatamfaa Okello na Kizza siku moja watakapovaa sare na kutumwa kulinda watu wasiowajua.