Chenga Zinazovumilika

Mwongozo wa kamera utakuambia ISO ya juu kabisa ni ngapi. Hautakuambia ni ngapi inafaa. Yangu ni Canon 700D ya mtumba: menyu inaanzia 100 hadi 12800, na kuna mpangilio mmoja uliofichwa unaoifikisha 25600. Namba tamu. Lakini ISO haiongezi mwanga hata tone. Inakuza tu ule mdogo ulioingia, kama spika za kanisani zinavyokuza mhubiri pamoja na kikohozi chake. Kikohozi cha picha ni chenga, zile punje kama za tivii iliyopoteza stesheni.

Mimi dari yangu niliitafuta kwa sababu ya Nyanya. Amepita miaka 90 na picha yake ya maana ni moja tu, ya kitambulisho. Kila mtu nyumbani alijua hiyo ndiyo ingewekwa kwa programu ya mazishi, na hakuna aliyetaka kulisema. Nikaamua nimpige akisonga ugali jioni, jikoni kwake, kwa mwanga wa moto na koroboi. Flashi hataki, inamuumiza macho.

Sasa, wengi hujaribu ISO kwa ukuta mweupe. Ukuta ni mwongo. Chenga hupenda vivuli, na uso mweusi kando ya koroboi umejaa vivuli. Enzi za filamu, maabara zilipima rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu; ngozi zetu zikatoka vile zilitoka. Kwa hivyo nilimkalisha binamu yangu, mwenye rangi ya Nyanya, kwenye kigoda chake, nikampa mwiko asonge. Kamera juu ya debe, lenzi wazi kwa f/1.8.

ISO 1600, shata 1/30 ya sekunde: ngozi laini, lakini mkono umekuwa moshi. 3200 na 1/60: uso umetulia, mwiko bado. 6400 na 1/125: mkono umeshikika, chenga zipo shavuni, ila kovu dogo la kwenye paji linaonekana. 12800 na 1/250: vivuli vimegeuka zambarau, kovu limeliwa. Nikajaribu pia kupiga kwa 1600 na 1/125, halafu kuiangaza picha kwa kompyuta. Chenga zikatoka mbaya kuliko za 6400.

Basi dari yangu ni 6400, kwa jiko lile na uso ule. Kwa ukumbi wenye taa za kutosha jibu ni lingine. Chenga zinasameheka, hasa picha ikitolewa ndogo. Mkono uliogeuka moshi haurudi.

Jioni iliyofuata nikampiga Nyanya. Aliitazama picha kwa kioo cha kamera, akaisogeza karibu na macho.

"Mbona umeninyunyizia unga?"

Kisha akanyamaza kidogo.

"Toa mbili. Moja niweke hapa. Ile nyingine mtajua ni ya lini."