Kanda Zimebadilika, Haki Ibaki

Nilipokuwa kijana pale Rumonge, Burundi, kando ya ziwa, kurekodi wimbo kulitaka safari. Mpiga gitaa alidandia lori la mawese na dagaa, akaenda kilomita zipatazo 75 hadi Bujumbura kusubiri zamu yake kwenye redio ya taifa. Kanda ilibaki kule rafuni. Mwenye wimbo alirudi mikono mitupu, akausubiri hewani pamoja nasi. Muziki wetu wa kila siku ulitoka ng'ambo: kaseti za Kigoma na Uvira, zilizokuja na boti, zikanakiliwa hadi sauti ikakwaruza.

Hatukujua kwamba ngoma za Burundi zilikwisha kuingia kwenye roki ya Wazungu. Mfaransa Michel Vuylsteke alizirekodi mwaka 1967, na mwaka uliofuata zikatoka kwenye sahani ya lebo ya Ocora. Mwaka 1971 mwanamuziki Mike Steïphenson akaziongezea gitaa na piano, akauita wimbo "Burundi Black", ukapata wasikilizaji wengi Uingereza. Mwaka 1975 mwimbaji Joni Mitchell alizitumia kwenye "The Jungle Line", na mwaka 1980 bendi ya Adam and the Ants ikajenga mtindo wake juu ya mapigo hayo. Majina hayo dunia inayajua. Ya waliozipiga ngoma zile, ni wangapi wanayajua?

Kisha zikaja kompyuta. Studio ya kwanza niliyoingia mtaani kwetu ilikuwa chumba cha kupanga: trei za mayai ukutani, kipande cha godoro dirishani, na mbele ya kipaza sauti soksi ya nailoni iliyovutwa kwenye waya, ili herufi "p" isipasue masikio. Fundi alizima feni kila tulipoanza kuimba, tukatoka jasho. Tulirekodi usiku, pikipiki zimetulia na wavuvi wameshaingia ziwani na taa zao. Umeme ukikatika, beti ilipotea, tukairudia.

Leo kijana anarekodi kwa simu, na kabla hakujakucha wimbo umefika Kigoma na Uvira. Njia ile ile ya kaseti, sasa muziki unatoka kwetu. Nafurahi sana kuliona hilo.

Lakini wimbo unaosafiri bila jina la mwenyewe huokotwa na yeyote. Burundi ilipitisha sheria ya haki za watunzi mwaka 2005, na ofisi inayosimamia haki hizo ni OBDA. Vijana wa Rumonge, kabla hamjautuma wimbo, andikeni nani katunga, nani kapiga na nani karekodi, kisha mkausajili.