Canter ya mjomba, redio yangu na kesi ya utingo

Najua nimepotea kitambo. Mitihani ilinishika shati, halafu nikaenda zangu nyumbani Mnazi, na huko nimerudi na jambo limenikaa kooni. Leo nalitoa.

Kwa wasiopajua, Mnazi ipo wilaya ya Lushoto, ila siyo ile Lushoto ya ukungu na masweta mnayoiona kwenye picha. Sisi tupo chini, upande wa kaskazini wa milima ya Usambara, kwenye joto, vumbi na mkonge, karibu na mbuga ya Mkomazi. Ukitaka kwenda Lushoto mjini unapita Mng'aro, unapanda mlima hadi Mlalo, kona juu ya kona, ndipo unaendelea.

Njia hiyo ndiyo ofisi ya mjomba wangu. Ana Canter ya siku nyingi, mimi mwenyewe kanizidi umri. Inapandisha mpunga, inateremsha viazi na kabichi. Ndiyo iliyonilipia ada tangu sekondari, kwa hiyo nikiisema vibaya hapa mnisamehe, ni mama yangu wa pili.

Basi bwana, nilipofika nikakuta gari lina magonjwa kama wodi nzima. Nikayaandika kwenye daftari:

1. Asubuhi stata inazunguka kivivu, krr... krr... kisha kimya. Watu wanaitwa wasukume.
2. Mchana taa zote zimezimwa, ukikanyaga breki taa za dashibodi zinawaka zenyewe kwa mbali, kama kuna mtu anakuchungulia.
3. Usiku ukikanyaga breki, taa za nyuma zinafifia badala ya kung'aa. Ukiwasha indiketa ya kushoto, ya kulia nayo inakonyeza.
4. Betri moja inakauka maji kila mara, mwenzake haishiki moto.
5. Pedali ya mafuta imekuwa nzito, na siku moja ilikwama kabisa.

Hilo la tano msilipite haraka. Mjomba alikuwa anateremka kutoka Mlalo na mzigo wa viazi, usiku, pedali ikabaki chini. Akakanyaga klachi, injini ikalia kama inataka kupasuka, akavuta kizimio, akasimamia breki mpaka akaliegesha kwenye ngema. Nyuma yake kulikuwa na bodaboda ambaye hakuona taa ya breki hata moja. Alipita pembeni kwa nafasi ya kiganja. Mjomba alinisimulia hayo huku anacheka, lakini mkono ulioshika kikombe cha chai ulikuwa unatetemeka.

Sasa kesi. Betri mbili zilikuwa zimekufa ndani ya miezi michache, na mjomba alishapata mkosaji: utingo. Ni kijana wa pale pale kijijini, analala ndani ya gari kulinda mzigo. Mjomba aliamini anawasha taa ya ndani usiku kucha achezee simu. Alishaanza kumkata hela ya betri, na alishaniambia pembeni, "Mwisho wa mwezi huyu aende kwao."

Mwenzenu nikajiona nimefika wakati muafaka. Si nasoma ualimu wa fizikia na hesabu? Si nilisimama mbele ya Kidato cha Tatu kwenye mazoezi ya kufundisha nikaandika ubaoni V = IR, nikawaambia mzee Georg Ohm alichapisha kanuni hii mwaka 1827? Nikaazima mita kwa jamaa anayetengeneza simu, nikaingia chini ya gari.

Nikapima waya wa taa ya nyuma: voti 24 na ushee. Nikapima betri zote mbili kwa pamoja: voti 24 na ushee. Nikatoka na vumbi usoni nikatangaza mbele ya watu: "Waya ni mzima, mfumo ni mzima. Betri zinamalizwa tu na matumizi."

Mjomba akamwangalia utingo. Utingo akaangalia chini. Jamani, ile sura sitaisahau.

Asubuhi yake gari likagoma tena, ikabidi aitwe mzee mmoja aliyekuwa fundi umeme kwenye karakana ya mkonge enzi hizo. Alikuja na baiskeli, begi la spana, kipande cha msasa, na balbu ya gari iliyounganishwa nyaya mbili ndefu. Nikampa shikamoo, nikampa na ripoti yangu ya kisomi. Akaitikia, "Marahaba mwalimu." Halafu badala ya kwenda kwenye gari, akamwita utingo. "Wewe unalala nalo. Lilianza kuumwa lini?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza! Kijana akajibu bila kusita: stata ilianza uvivu mwezi wa tatu, waliposhusha giaboksi kubadilisha klachi. Taa za nyuma zilianza baada ya bodi ya mbao kutengenezwa upya. Betri zilianza kabla ya hayo yote, kama mwezi wa pili hivi. Mzee akatikisa kichwa, "Haya. Wagonjwa watatu hawa, siyo mmoja."

Akaomba ile mita yangu. Waya mmoja akaugusisha kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye chuma cha injini, akamwambia utingo apige stata. Mita ikasoma karibu voti 4. Kwa akili ya haraka hasi ya betri na injini ni kitu kimoja, pasomeke kama sifuri, au isizidi nusu voti wakati stata inazunguka. "Hizo nne zimekufa njiani," akasema, "stata inakula makombo."

Akaingia chini, akatoka na jibu. Kati ya injini na chesisi kunatakiwa kuwe na mkanda mnene wa waya wa shaba. Injini imekalia mipira, kwa hiyo bila ule mkanda umeme hauna njia ya maana ya kurudi kwenye betri. Waliposhusha giaboksi waliufungua, hawakuurudisha. Tundu la bolti lilikuwa wazi limejaa grisi.

Sasa stata inavuta mamia ya ampea, zirudi wapi? Zilikuwa zinarudi kupitia kila chuma chembamba kinachogusa injini, ikiwemo kebo ya mafuta! Mzee akanishika kidole akakiweka kwenye ile kebo: ya moto. Kila asubuhi ilikuwa inachomwa, plastiki ya ndani ikayeyuka kidogo kidogo mpaka kebo ikaanza kunasa. Yaani mjomba alitaka kufa mlimani kwa sababu ya kipande cha waya kilichosahaulika kwenye kazi ya klachi.

Taa za nyuma je? Nikamwambia mzee, pale nilipima nikapata 24. Akachukua balbu yake, mguu mmoja kwenye waya wa breki, mwingine kwenye bolti ambayo taa inatumia kurudishia umeme: ikawaka kama kijinga cha moto kinachozimika. Mguu ule wa pili akauhamishia kwenye chuma safi cha chesisi: ikawaka pwaa!

"Mwalimu, mita yako haibebi mzigo," akasema. "Voti ni watu waliopanga foleni mlangoni. Umehesabu foleni. Mlango unapitisha wangapi hujui."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mafundi waliotengeneza bodi walifunga bolti juu ya rangi na kutu. Pale panapitisha umeme kiduchu tu, unaotosha kudanganya mita lakini hautoshi kuwasha taa. Ukikanyaga breki, umeme unafika kwenye balbu, unakosa pa kutokea, unarudi kinyumenyume kupitia uzi mdogo wa taa ya usiku uliomo ndani ya balbu hiyo hiyo, unasafiri hadi kwenye dashibodi. Ndiyo ule mwanga wa kuchungulia! Na indiketa hivyo hivyo, zinaazimana njia. Msasa, bolti mpya, grisi kidogo, kwisha habari.

Mpaka hapo nilikuwa nafurahia somo. Akabaki mgonjwa wa tatu.

Mzee akawasha injini, akapima betri moja moja badala ya zote pamoja. Moja voti 15.9, nyingine 12.3. Jumlisha: 28.2, ambayo kwa gari la voti 24 linalochaji ni sawa kabisa, ndiyo maana kila aliyepima kwa jumla aliona salama. Kumbe mmoja anachemshwa, mwingine ana njaa. Akafuata nyaya kwa kidole kutoka kwenye ile yenye njaa, waya mwekundu mwembamba, ukapanda, ukaingia kwenye kebini, ukaishia nyuma ya redio.

"Nani kafunga hii?"

Wadau, nilifunga mimi.

Likizo ya Februari. Nilimletea mjomba redio ya gari dogo kutoka Kariakoo kama zawadi. Redio ni ya voti 12, Canter ina betri mbili za 12 zilizofuatana kupata 24. Nikaona akili si hiyo, nichomoe 12 kwenye betri moja tu! Ilipiga muziki vizuri, nikasifiwa mtaa mzima. Lakini altaneta haijui kwamba betri moja inanyonywa pembeni. Inachaji zote kwa mstari mmoja mpaka jumla itimie. Inayonyonywa haijai, na mwenzake inabebeshwa ziada mpaka inachemka na kukauka maji. Zikakufa moja baada ya nyingine, na kijana wa watu akalipishwa.

Mzee hakusema neno. Mjomba alikuwa ameenda sokoni, kwa hiyo aliyesikia ni mimi, mzee na utingo. Utingo akaniambia taratibu, "Kaka, usijali, nitasema ni mimi niliyeichezea." Anataka kunifichia mimi! Sikula mchana huo.

Jioni nikamwambia mjomba kila kitu, kuanzia redio hadi ile mita niliyomtangazia watu nayo. Alinyamaza muda mrefu, akaniuliza, "Kwa hiyo huyu mtoto alikuwa anasema kweli?" Nikamjibu ndiyo. Akaingia ndani, akatoka na hela, akazihesabu mbele yetu, akampa utingo zote alizomkata. Samahani hakusema, wazee wetu mnawajua. Alimwambia tu, "Kesho tunatoka saa kumi na moja, ulale mapema." Kisha akanigeukia, "Na wewe mpwa wangu, betri ijayo ni bumu lako." Nimekubali. Muhula huu mkiniona nakula mihogo kila siku, mjue nalipa deni.

Redio haikutupwa. Nimenunua kile kifaa cha kushusha voti 24 kuwa 12 kwa betri zote mbili pamoja, na utingo ndiye aliyekifunga, mzee akisimamia. Mkanda wa injini upo, kebo ya mafuta ni mpya. Niliondoka Mnazi alfajiri ndani ya Canter hiyo hiyo. Kona za kwenda Mlalo nilikuwa natoa kichwa dirishani kila breki, naangalia mwanga mwekundu kwenye ukingo wa mlima. Ulikuwa unawaka.

Nikirudi darasani V = IR nitaifundisha tena, ila nitakwenda na balbu na bolti yenye kutu. Na mwanafunzi wa nyuma aliyekaa kimya nitamuuliza kwanza yeye.

Haya, kesho saa moja kuna kipindi. Usiku mwema.