Mapanga kwenye nembo yetu

Mwaka jana timu yetu ya mpira hapa Nakivale ilipata bahati. Shirika moja lilitupa pesa ya fulana 18, na mimi nikaombwa nichore nembo ya kuweka kifuani. Sababu ni moja tu: nina simu yenye programu ya kuchora, na nilishajifunza kuchapa fulana kwa skrini. Nembo yenyewe sikuwa nimewahi kubuni hata siku moja.

Nikafanya kile ambacho wengi wetu tunafanya. Nilinunua bando, nikatafuta picha za bure za nembo za kale za Ulaya. Mnazijua: ngao katikati, simba amesimama kwa miguu ya nyuma, taji juu, utepe wa maandishi chini. Zinapendeza jamani! Ukiiweka moja kwenye fulana, timu ya kambini inaonekana kama timu ya kwenye televisheni. Nikachagua yenye simba, na nyuma ya ngao kulikuwa na panga mbili zimepishana. Nikaandika jina la timu, nikachapa zote 18 usiku mmoja.

Asubuhi nikagawa. Watu walifurahi, wakapiga picha. Ila golikipa wetu, kijana wa miaka 17 ambaye haongeagi sana, aliikunja yake vizuri akanirudishia. Nilifikiri haimtoshi.

"Kaka, mimi hii siwezi kuvaa. Toa kwanza hizo mapanga."

Nikaanza kumfundisha, eti mimi mtaalamu. Nikamwambia hayo si mapanga, ni upanga wa wapiganaji wa zamani wa Ulaya, alama ya ushujaa. Nikamwambia hata nembo ya Kongo yetu ina mkuki, mbona haiogopi? Alinyamaza kidogo, halafu akasema: "Mkuki niliuona kwenye karatasi za shule. Panga niliiona nyumbani."

Sikuwa na jibu. Mimi na yeye tumetoka upande mmoja, hakuhitaji kunieleza zaidi. Aibu yangu ni hiyo: nilikuwepo kule kama yeye, na bado nilichapa ile picha mara 18 bila kuiona.

Kapteni alisema pesa imeshaisha, avae tu, ni mchoro. Wengine walikubaliana naye, na siwalaumu, maana hata mimi nilitamani iishie hapo. Lakini usiku sikulala. Nikarudi kwenye simu, safari hii nisome badala ya kupakua.

Nilichojifunza ni hiki. Mchezo huu wa ngao ulianza Ulaya karne ya 12. Wapiganaji walivaa kofia za chuma zilizofunika uso, hivyo kila mmoja alichora alama kwenye ngao ili atambulikane. Yaani kazi ya kwanza ya nembo ilikuwa kujibu swali: wewe ni nani? Ndiyo maana wana kanuni ya rangi. Njano na nyeupe wanaziita dhahabu na fedha, hizo ni kundi la madini. Nyekundu, bluu, nyeusi, kijani na zambarau ni kundi la rangi. Usiweke rangi juu ya rangi, wala madini juu ya madini. Njano juu ya bluu inaonekana kutoka mbali, lakini bluu juu ya nyeusi inapotea. Mtu yeyote anayechapa fulana anaweza kutumia kanuni hiyo kesho asubuhi.

Nikajifunza pia kwamba zile nembo nyingi zina wenyewe. Scotland mpaka leo kuna mahakama maalum ya mambo ya nembo, na ukitumia ya mtu mwingine unaweza kushtakiwa. Huku kwetu Uganda, Kenya na Tanzania zote zina sheria zinazolinda nembo ya taifa, kwa hiyo usiichukue ukaibandika kwenye biashara yako bila ruhusa. Na nembo ya shirika linalotusaidia usiiweke kwenye fulana kwa sababu tu wametoa pesa. Waulize kwanza.

Halafu nikaziangalia nembo za nchi zetu moja moja. Kongo ina kichwa cha chui, pembe ya ndovu na mkuki. Burundi ina kichwa cha simba na mikuki mitatu. Uganda ina ngoma na mikuki miwili imepishana. Kenya, simba wenyewe wameshika mikuki. Tanzania kuna mkuki, shoka na jembe, na mwanamume na mwanamke wamesimama kando ya ngao. Nchi tano, zote zina mkuki. Kwa hiyo silaha kwenye nembo siyo kosa lenyewe. Waliochora walikuwa na hadithi yao ya kulinda nchi. Hadithi ya golikipa ni nyingine, na fulana ilikuwa ya kifua chake.

Basi nikaitisha kikao cha timu chini ya mti, nikauliza swali moja: tukitaka mtu atutambue bila kuona nyuso zetu, tuchore nini? Mwanzo walicheka. Mmoja akasema sufuria. Mwingine akasema samaki wa ziwa letu. Mrundi mmoja akasema: "Jerikani." Wote tukanyamaza, kisha tukacheka tena, kwa sababu kweli, kila mmoja wetu alikuwa ameacha jerikani yake kwenye foleni ya maji kabla ya kuja kikaoni. Jerikani ya njano. Njano juu ya bluu!

Tukachora jerikani moja katikati ya ngao, na bua la mahindi kila upande badala ya simba. Maandishi ya chini alitoa golikipa: Zamu Yetu. Alisema kwenye bomba unangoja zamu, na kwenye mpira pia.

Fulana mpya hatukuweza kununua. Tulichapa kwenye vipande vya kitambaa cha bluu, nyeupe kwanza kisha njano juu yake, maana njano peke yake inamezwa na kitambaa. Mama mmoja fundi cherehani akavishona juu ya nembo ya zamani. Kitambaa nililipa mimi kwa sababu kosa lilikuwa langu, ufundi tulichangiana. Ya golikipa nilinunua fulana mpya kabisa. Sikutaka avae mapanga yaliyofichwa.

Wenzangu mnaochora, hizi picha za bure za ngao na simba zitumieni, mimi bado nazitumia. Zinakufundisha mpangilio: umbo la ngao, mahali pa utepe, ukubwa wa kitu cha katikati. Chukueni umbo, lakini vitu vya ndani mvitoe kwetu. Kabla ya kuchapa, muonyeshe mchoro yule ambaye haongei sana kwenye kundi, na umuulize ukiwa naye peke yenu.

Na ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, mkituomba nembo msituambie inatakiwa Ijumaa. Tupeni wiki moja ya kuulizana. Ile ya kwanza niliimaliza usiku mmoja, na mnaona ilivyotugharimu.

Golikipa bado yuko golini. Jumamosi iliyopita alifungwa mawili, na fulana yake ilikuwa na matope mpaka jerikani haikuonekana.